Mtaa Mkuu kwa Upande wa Mbele

Tangu aajiriwe kwenye duka la suti la mtaa mkuu, fundi wa mapindo hakuwahi kuingia dukani kwake kwa mlango wa mbele. Hakukatazwa na mtu, wala hakuna tangazo lililobandikwa. Ni kwamba basi la asubuhi humshusha nyuma ya maduka, kwenye uchochoro wa mapipa na paka, na ufunguo aliopewa ni wa mlango wa chuma ulioko huko. Hufungua, hushuka ngazi, huwasha taa, huketi kwenye cherehani. Kazi yake ni kufupisha suruali, kubana viuno na kuachia mishono kwa mabwana harusi walionenepa tangu siku ya kupimwa. Nguo humteremkia kwa kilifti kidogo cha mizigo zikiwa na pini na alama za chaki, bila watu ndani yake. Akiwa na swali hupiga simu ya ukutani na kujibiwa na binti wa mauzo, ambaye kwa miaka miwili amemwita moyoni Sauti Nyembamba. Jioni hupanda ngazi zile zile, akapanda basi lile lile.

Uchochoro anaujua kama mfuko wa gauni lake. Duka la mikate, kwake, ni bomba linalopuliza joto na harufu ya hamira, mkono wa kulia wa mlango wake. Duka la viatu ni rundo la maboksi. Benki ni kigoda cha mlinzi na redio isiyoshika stesheni. Ukilipita duka la mikate ukaendelea, uchochoro unateremka mpaka baharini. Wabeba mizigo hupandia huko wakihema.

Kwa hiyo kaka yake alipomwambia kwamba mji huu si wake, alicheka kwanza.

Kaka ni seremala katika mji mdogo wa bara, mtu wa kusema mambo mazito huku mdomo umejaa mkate. Alikuwa amefika jana yake na ujumbe wa ukoo. Shemeji yake, mume wa fundi, alifariki mwaka uliopita. Binti yao ameolewa mbali. Ukoo umeketi, shangazi akiwa mwenyekiti kama kawaida yake, na umeamua kwamba mwanamke hawezi kubaki mwenyewe katika mji wa watu.

"Mji huu ulikuwa wa mumeo, mdogo wangu," alisema asubuhi ile mezani. "Yeye alikuwa na kazi yake bandarini, wewe ukamfuata. Sasa unamfuata nani?"

"Nafuata cherehani."

"Cherehani inapakiwa. Nimeshauliza nauli yake." Akamega mkate. "Chumba kiko tayari. Mlango nimeutengeneza kwa mkono wangu, hata ukiufunga usiku husikii mlio. Shangazi ameshachagua pazia."

"Shangazi amechagua pazia langu?"

"La maua."

Hapo ndipo fundi alipotoa ahadi ambayo baadaye alitamani angeifikiria kidogo. Akamwambia kaka yake ampe siku ile moja. Watatembea mtaa mkuu, watakwenda gatini, watapanda mnara wa taa ambao watu hutoka nchi za mbali kuja kuupiga picha. "Ukiniona nababaika hata kidogo, jioni tunapanda basi wote wawili. Ukiona mji ni wangu, unarudi peke yako, na shangazi ajitundikie pazia lake."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, kaka."

Alikuwa anayaamini maneno yake. Angeweza kuapa.

Kosa la kwanza lilikuwa teksi. Kaka alikuwa na viatu vipya na hakutaka vikanyagwe kwenye basi. Dereva wa teksi, kama madereva wote wenye akili, aliwashusha mbele ya maduka. "Mtaa mkuu huo," akasema, akaondoka.

Fundi alitazama kulia, akatazama kushoto. Si kwamba hakuwahi kuukanyaga mtaa ule. Aliwahi kuukatiza mara chache, kichwa chini, akiwahi basi. Lakini kuukatiza mtaa na kuutembea ni mambo mawili. Mbele yake palikuwa na vioo virefu kuliko nyumba anayopanga, mabenchi ya chuma, miti ndani ya vyungu, na muziki uliotoka kwenye kila mlango, kila mlango na wake. Hakukuwa na paka hata mmoja. Alinusa, akitafuta hamira, akapata manukato.

"Haya, mwenyeji," kaka alisema. "Duka lako lipi?"

"Subiri kidogo."

"Nimesikia 'kidogo'?"

Jina la duka alilijua, kwa kuwa alikuwa akilishona kwenye makoti kila siku, herufi ndogo za uzi wa fedha. Hakutegemea kulikuta limeandikwa kwa herufi kubwa kuliko yeye. Alilipita mara mbili kabla ya kuliona. Kilichomsaidia ni sanamu ya dirishani, iliyovaa suti ya kijivu. Suti ile aliibana mwenyewe juzi, na alijua kwamba mgongoni ina pini kama samaki alivyo na miba, ingawa kwa mbele ilikaa kama imezaliwa na sanamu.

"Hili hapa!" alisema kwa furaha iliyozidi kipimo.

Bawabu aliwafungulia mlango. "Karibu, mzee. Karibu, mama." Ndani kulikuwa na zulia. Fundi alitazama chini na kuwaza kwamba mahali fulani chini ya zulia lile kipo kiti chake, lakini hakuweza kukisia ni wapi. Binti mwenye tepu shingoni akawajia akitabasamu.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, mama. Niwasaidie nini? Mzee ana sherehe?"

Ilikuwa Sauti Nyembamba. Fundi angeitambua hata katikati ya mvua ya mawe. Hakuwa amemwazia kuwa mrefu hivyo.

"Marahaba," alijibu taratibu. "Tunatazama tu."

"Tazameni, hamna shida. Na urefu wa suruali usiwatishe, mzee wangu. Tuna fundi wetu hapo chini, mama mmoja mkono wake dhahabu. Ila leo yuko mapumziko."

Kaka alimgeukia dada yake na kumngoja. Ulikuwa wakati wa kusema maneno mawili tu. Fundi alifungua mdomo, na maneno yaliyotoka yakamshangaza hata yeye.

"Hongereni sana," alisema, akatoka nje.

Kaka alimfuata, akamkuta amesimama karibu na mti wa kwenye chungu, akiugusa majani kuona kama ni wa kweli.

"Hawakujui," alisema.

"Wananijua."

"Wanakujuaje na hawakujui?"

"Wananijua kwa chini."

"Kwa chini. Kama mhogo?"

Fundi hakucheka. Alikuwa akijiuliza kilichomzuia. Haikuwa aibu, maana kazi yake haimwaibishi. Labda ni kwamba yule binti alikuwa amemsifu mtu fulani kwa uhakika mkubwa, na fundi kwa dakika moja hakuwa na hakika kwamba mtu huyo ni yeye. Wazo lenyewe lilimchanganya, akaliacha.

"Twende baharini," akasema. Kuhusu bahari hakuwa na wasiwasi. Alisimama akautazama mlango wa duka, akainua mkono wa kulia, upande wa mikate, akaongoza.

Badala ya duka la mikate palikuwa na duka la simu. Akadhani limehama. Baada ya hapo palikuwa na duka la saa, la miwani, kisha maduka yakaanza kupungua vioo na kuongeza vumbi. Kaka alitembea nyuma yake akivipangusa vumbi viatu vyake vipya. Mwishowe akauliza, kwa upole wa mtu anayemwuliza mgonjwa hali:

"Mdogo wangu, mbona tunapanda? Bahari yenu iko mlimani?"

"Tutateremka mbele."

Mbele walikuta mzunguko wa barabara, wauza matairi, na ukuta mrefu wa hospitali. Kijana wa kuuza kofia alikuwa ameketi chini ya mwavuli. Fundi alimwuliza njia ya baharini kwa sauti ya chini. Kijana akajibu kwa sauti ya juu.

"Bahari? Mmeipa mgongo, mama! Rudini mlikotoka, nyoosheni. Ninyi wageni mna bahati, leo kuna upepo. Kofia?"

Kaka alinunua kofia. Alisema anataka kumbukumbu ya siku hiyo.

Walirudi mpaka mbele ya duka. Fundi hakuelewa. Mkono wake wa kulia haukuwahi kumdanganya. Alisimama mbele ya sanamu yenye suti ya kijivu, akafumba macho, akajiona yuko uchochoroni asubuhi, mlango wa chuma mbele yake, joto la mikate upande wa kulia. Kisha, macho bado yamefumbwa, akajipitisha ndani ya duka, akavuka zulia, akatokea mbele. Taratibu akageuka, akakipa kioo mgongo. Mkono wa kulia ukaelekea kule ambako hawakwenda.

"Unafanya nini?" kaka aliuliza. Watu walikuwa wameanza kutazama.

"Natoka dukani."

"Tulishatoka."

"Wewe ulitoka. Mimi ndiyo natoka sasa." Akafumbua macho. "Kaka, mimi huuona mtaa huu kwa nyuma. Ukija kwa mbele, kulia kunakuwa kushoto. Vyote ninavyovijua viko upande mwingine."

Kaka alivua kofia yake mpya, akajikuna, akaivaa tena. "Hilo," alisema, "sitaweza kumweleza shangazi."

Duka la mikate, walipolipita, lilikuwa na viti vya mapambo na keki ndefu kama kofia za maaskofu. Fundi aliligundua baada ya kulipita, akarudi nyuma, akalitazama kama mtu aliyekutana na jirani yake amevaa suti.

Kisha mtaa ukateremka, na bahari ikawa hapo, pana, bila kuomba radhi. Gati lilikuwa limejaa watu waliokodi baiskeli. Mwishoni palikuwa na mnara wa taa, mweupe wenye mikanda myekundu, na kibanda cha tiketi. Mkata tiketi hakuinua kichwa.

"Wakaaji wa mji au wageni? Wakaaji wanapunguziwa."

Lilikuwa swali la kila siku kwake, lakini kaka alisogea karibu kulisikia jibu. Fundi alijua kwamba neno moja lingemwokoa. Kodi ya nyumba analipa hapa, na mumewe amezikwa hapa. Hakuna ambaye angemwita mwongo. Akalifikia lile neno, akakuta halikai, kama koti la mtu mwingine.

"Wageni," alisema. "Wawili."

"Mmetoka mbali?"

"Nyuma ya maduka."

Mkata tiketi akacheka, akidhani ni utani, akawapisha.

Walipanda ngazi za duara wakipumzika kila penye dirisha. Juu, upepo ulitaka kuichukua ile kofia. Mji ulikuwa wote chini yao. Fundi aliutafuta uchochoro wake, akatafuta bomba la mikate, akatafuta chochote. Aliona mapaa, mengi kama vipande vya vitambaa sakafuni, na hakuweza kusema lake ni lipi.

"Basi," kaka alisema. Sauti yake haikuwa na ushindi. "Umesema kwa mdomo wako, nimesikia. Tukafunge mizigo."

"Hapana."

"Tulipatana nini asubuhi?"

"Nikibabaika hata kidogo. Nimebabaika sana, kaka. Umeshinda."

"Basi?"

"Basi siendi."

Kaka alishika chuma cha kizuizi kwa mikono miwili, kama anapima ubora wa kazi. "Nieleze basi, maana nimepotea kuliko wewe."

Fundi alijaribu. Alisema kwamba wangemjia wiki iliyopita angefuatana nao. Angelalamika kuhusu pazia, lakini angekwenda, kwa kuwa alidhani mji huu ameshaumaliza. "Kumbe sijafika. Nimefika leo. Unamtoaje mtu mahali siku anayofika?"

"Hiyo si hoja."

"Najua si hoja."

"Ukiugua usiku, nani atakugongea mlango?" Hilo ndilo lililomleta, na sasa lilitoka bila mkate mdomoni. "Shangazi ana maneno mengi, lakini mimi hilo tu. Mtu unafanya naye kazi jengo moja hakujui sura. Ukifa huko chini watateremsha suruali mpaka Ijumaa."

Fundi aliyatazama tena mapaa. Hakutaka kumtungia jibu.

"Jumatatu nitapanda juu," alisema mwishowe. "Nitamwambia yule binti, ni mimi. Nianze na huyo mmoja."

"Mmoja tu?"

"Mmoja kwa mbele. Uchochoroni wako wengi, ila sijui majina yao."

Kaka alitikisa kichwa. Akasema atakuja tena mwisho wa mwaka, na akimkuta bado anaipa bahari mgongo, atambeba yeye na cherehani yake, kiapo. Chumba kitamngoja, mlango hauozi. Fundi akasema sawa. Hakuna kati yao aliyeonekana kuwa na hakika na alichokubali.

Simu ya kaka ikalia. Alitazama jina, akavuta pumzi.

"Shikamoo, shangazi... Ndiyo, niko naye... Hapana, haji." Akaisogeza simu mbali na sikio, akangoja, akairudisha. "Ndiyo, shangazi, nilimwambia. La maua, nilimwambia. Haji kwa sababu ndiyo kwanza amefika... Hapa mjini. Leo... Najua ameishi hapa miaka yote, shangazi. Najua. Hata mimi sijaelewa vizuri."