Mwalimu Selpher kwenye Kiti cha Nasari

Mwalimu Selpher alikuwa mama wa mwili. Hakuwa wale wa kupeperushwa na upepo wa lori. Siku ile ya matokeo, Januari ya elfu moja mia tisa tisini na nne, aliposhuka kwenye boda boda mbele ya ukumbi wa kanisa pale Amukura, kijana wa baiskeli alishika kiuno chake mwenyewe, akapumua, akasema, "Mwalimu, hii kilima leo imenijua."

"Na wewe unajua kuongea kuliko kukanyaga pedeli," Selpher akamjibu.

Siku nyingine angecheka. Leo alimalizia hapo, akarekebisha kitambaa cha kichwa, akaingia ndani akijua anakwenda kukaa wapi.

Kila Januari, matokeo ya darasa la nane yakishatoka, afisa wa elimu wa tarafa, Bwana Ojiambo, aliita walimu wakuu wote na wazazi wa shule zao ukumbini. Alikuwa na sheria yake, hata serikali yenyewe haikuijua. Walimu walikaa kwa mpangilio wa alama za shule zao. Nambari moja alikaa kwa kochi lenye vitambaa vya kushonwa, karibu na afisa, na soda mkononi. Wa pili na wa tatu walipata viti vya kawaida. Ukizidi kuteremka, unafika kwenye benchi. Na wa mwisho kabisa alikuwa anawekewa karibu na mlango kiti cha nasari, kile kidogo chekundu cha watoto wa miaka minne, akae hapo magoti yakigusa kidevu, watu wamwone.

Mwaka wa nyuma kiti kile kilikaliwa na Mwalimu Ikapel. Jioni hiyo hiyo wazazi walivunja matawi ya miti, wakaimba mpaka shuleni kwake, wakafunga ofisi kwa kufuli yao. Sasa Ikapel anafundisha darasa la tatu huko Port Victoria, anakula samaki na mawazo.

Mwaka huu, shule ya mwisho ilikuwa Akipi. Na Akipi ilikuwa ya Selpher.

Aliipata ikiwa vyumba viwili vya udongo na kengele ya rimu ya gari. Yeye ni Msamia wa Funyula, ameolewa na Mteso, na mwanzoni wazazi walimwita mgeni. Akawazoea, wakamzoea, akasumbua kila mtu mwenye tofali au bati mpaka shule ikasimama. Asubuhi ile mume wake, Okiria, alikuwa amemwambia huku akifunga viatu aende kazini Malaba, "Mama, leo usiwe mtakatifu. Wewe sema ile maneno ya Omollo, ubaki na shule yako."

"Maneno gani?"

"Si hata mbuzi wa hapa wanaijua?"

Walikuwa wanaijua kweli. Shule ya Mwalimu Omollo ilikuwa na jina lake la serikali, lakini watu waliiita tu kwa Omollo, na kila mwaka ilikuwa ya kwanza. Siri yake haikuwa chaki. Kila Januari, kabla majina ya watahiniwa hayajapelekwa wilayani, Omollo aliwapa darasa la nane mtihani wake wa kuchuja. Walioanguka aliwaambia watafute shule nyingine. Watu waliita hiyo kusukuma. Waliosukumwa wengi walikuwa wasichana, kwa sababu siku ya soko wasichana hawaonekani darasani, wako Malaba na beseni za mayai ya kuchemsha wakiuzia madereva wa malori. Wakisukumwa, kuna mlango mmoja tu uliokuwa wazi. Akipi.

Selpher aliwachukua wote. Wakija na macho mekundu aliwaambia, "Hapa hakuna aliyesukumwa. Wewe umehamia. Na sitasema ulikotoka, hata kwa afisa." Basi walifanya mtihani kwa jina la Akipi, wakaanguka kwa jina la Akipi, na wastani wa Akipi ukashuka nao.

Sasa alijishusha pole pole kwenye kile kiti chekundu. Kililia. Watu wa nyuma wakakohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko. Wazazi wa Akipi walikuwa wamesimama ukutani, na matawi tayari wameyashika, majani bado mabichi. Mbele yao alikuwa Mzee Osukuku, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Osukuku alikuwa na lake. Binti yake Vivian alisukumwa na Omollo mwaka uliopita, lakini kwenye mtungi wa ajono, akivuta pombe na wazee wenzake kwa mirija, alikuwa amewaambia kwamba alimhamisha mwenyewe, eti Akipi iko karibu na nyumbani. Mtu aliyeficha kitu hupiga kelele zaidi.

Bwana Ojiambo akasimama. Naye ni Msamia, tena wa upande wa Funyula. Siku zote akikutana na Selpher njiani ni "Mulembe, dada." Leo hata hakumwangalia. Kiongozi akiwa na mtu wa kwao kwenye makosa, humpiga zaidi ili watu wasiseme.

"Kwa Mwalimu Omollo," akasema, "wasichana na wavulana wako karibu sawa kwa alama. Hiyo ndiyo elimu! Twende Akipi. Akipi, wavulana wamewapita wasichana kwa alama sabini. Sabini! Mwalimu Selpher, hao wasichana wetu unawafundisha nini? Kusuka nywele?"

Ukumbi ukacheka. Matawi yakatikiswa.

"Arudi kwao ziwani akauze omena!" Osukuku akaguruma.

"Simama ujibu," akasema Ojiambo.

Selpher akasimama. Kiti nacho kikasimama. Kilikuwa kimemshika kwenye nyonga, kikaning'inia nyuma yake kama mkia. Hapo watu walikufa kwa kicheko. Omollo alicheka mpaka soda ikampitia puani. Selpher hakucheka na hakulia. Alikipindua upande mmoja, upande wa pili, akakitoa, akakishika mkononi kama mtu ameshika kuku. Kelele zikapungua zenyewe, maana hakuna aliyejua atakirusha kwa nani.

"Bwana afisa," akasema, "naomba kuuliza. Kwa Mwalimu Omollo, ni wasichana wangapi walifanya mtihani?"

Ojiambo akaangalia karatasi yake. Akaiangalia tena. "Wanne."

"Na wavulana?"

"Thelathini na moja."

"Na hao wasichana walipokuwa darasa la sita, walikuwa wanne?"

Omollo akaweka soda chini. "Mwalimu, wasichana si unawajua? Wengine huolewa."

"Ndio. Wengine huolewa, wengine huja Akipi."

Madirishani walikuwa wananing'inia watoto waliokuja kuchungulia, na kati yao alikuwepo Vivian, ameshika chuma cha dirisha kwa mikono yote miwili.

"Huo ni uongo!" Omollo akasema. "Ataje! Ataje mmoja tu!"

"Taja!" wazazi wa shule ya Omollo wakadakia. "Taja!"

Selpher akawatazama wazazi wa Akipi. Alikuwa anawajua vizuri, nani ni wa nani. Mama mmoja akaanza kufunga kamba ya kiatu, na alikuwa amevaa sandak, viatu vya plastiki visivyo na kamba. Tawi la Osukuku, lililokuwa juu kama bendera, lilikuwa linashuka, linashuka, mpaka majani yakagusa sakafu. Macho yake yalikuwa yanaomba kitu ambacho mdomo wake haungeomba hata kwa viboko.

Ojiambo akainama juu ya meza, akashusha sauti, lakini ukumbi wote ulisikia. "Mwalimu, huwezi kutupa jiwe ukaficha mkono. Taja watano. Watano tu, na wazazi wao wako hapa watasema ni kweli. Ukitaja, Akipi unabaki nayo. Usipotaja, leo umeipoteza. Mimi siwezi kukusaidia."

Kwa lugha ya kwao akaongeza kidogo, "Taja, dada."

Vivian alikuwa wa kwanza kwenye ulimi. Jina fupi, ni pumzi moja tu. Selpher akafungua mdomo. Pale dirishani vidole vya yule msichana vilikuwa vimekuwa vyeupe.

"Hao watoto ni wangu," akasema. "Walifanya mtihani Akipi, alama zao ni za Akipi. Mimi sina mwingine wa kutaja."

"Basi," akasema Ojiambo, na akachukua kalamu.

Ndipo sauti ikatoka upande wa akina mama. "Na jogoo wangu?"

Kalamu ikasimama. "Jogoo gani, mama?"

Alikuwa Adeke, mke wa Osukuku, mama mwembamba ambaye hakuna mtu aliyewahi kumsikia kwenye mkutano. "Jogoo mwekundu. Nilimpelekea huyu mwalimu wa soda, nikamwambia, mwalimu, huyu wangu usimsukume. Akamchukua jogoo. Wiki ya pili akamsukuma mtoto. Sasa kama mtoto hakubaki, jogoo alibakia nini?"

"Adeke, kaa chini!" Osukuku akanong'ona, na mnong'ono wake ulikuwa kelele za mtu mwingine.

"Kaa wewe. Unashika tawi kama mbuzi amepata chakula, na unajua ni wapi mtoto alitoka."

"Yule jogoo alikuwa zawadi ya Krismasi!" Omollo akasema.

"Krismasi gani ya mwezi wa kwanza?"

"Mimi ilikuwa bata," akasema mama wa kiatu, bado ameinama. Mwingine akasema yeye alipeleka mtama, debe zima. Mwingine akasema yeye hakupeleka kitu, ndiyo maana wake alikuwa wa kwanza kusukumwa. Sasa ukumbi ulikuwa ukichemka. Wazazi wa Omollo walianza kuulizana nani wao amepeleka nini, na wengine walikuwa wanahesabu kuku zao kichwani. Omollo alibanana kwenye kochi lake kama mtu amekaa juu ya siafu.

Ojiambo aligonga meza mpaka wino ukamwagika. Alikuwa kwenye shida. Amemsifu Omollo miaka yote, hata kwa mkuu wa wilaya. Akimwadhibu, anajiadhibu mwenyewe. Akimwacha Selpher ashinde, watasema amemtetea Msamia mwenzake. Basi akafanya vile serikali hufanya ikikwama: akatoa uhamisho.

"Mwalimu bora," akatangaza, "ataenda shule ya mwisho akaiinue. Na mwalimu wa shule ya mwisho ataenda shule ya kwanza akajifunze. Kuanzia Jumatatu. Mkutano umefungwa!"

Watu walipiga makofi. Makofi yalikuwa yameanza kupoa ndipo wakaelewa walichopigia. Mama wa Akipi mmoja akasema, "Ai, kwani ametupatia Omollo?" na makofi yakafa kabisa.

Selpher alikiweka kile kiti chini kwa utaratibu, akatoka. Ameipoteza Akipi. Vyumba vyake, bati zake, mti wa jakaranda aliopanda mwenyewe, vyote ni vya mtu wa soda sasa. Alifika barabarani kabla machozi hayajafika, hiyo tu alishukuru. Osukuku akamfuata mbio, bila tawi.

"Mwalimu," akasema. Akakohoa. "Mwalimu, hukutaja."

"Kutaja nini, mzee?"

Osukuku akageuka, akamwitia boda boda.

Jumatatu Selpher aliingia kwa Omollo. Hakuna aliyempokea na wimbo. Mwalimu msaidizi, Loise, msichana mpole mwenye miwani, alimtembeza darasa kwa darasa. Darasa la nane lilikuwa na wavulana, na wasichana watano wamebanwa kona kama mizigo ya ziada. Darasa la saba, benchi ya nyuma, walikuwa wamekaa wasichana wakubwa, wengine urefu wa Loise mwenyewe, sare zimewabana mabega.

"Hawa?" Selpher akauliza.

"Hao wanarudia, mwalimu. Walikataa kusukumwa, basi wanarudia."

"Mara ngapi?"

Msichana mmoja wa nyuma akajibu mwenyewe, "Mimi ni mara ya tatu, mwalimu. Nikikaa sana nitaitwa dirisha."

Wenzake wakacheka kidogo, halafu wakaogopa kwamba wamecheka.

"Inukeni," akasema Selpher. "Na madawati yenu. Twende darasa la nane."

Hakuna aliyesogea. Loise akamshika mkono wa sweta. "Mwalimu, tafadhali. Wastani utaanguka. Wazazi wa hapa hawajazoea kuanguka, wakisikia tu watakufukuza kabla ya Pasaka."

"Wanaweza," Selpher akasema, na hakuwa anatania.

Wasichana wakainuka, mmoja mmoja. Dawati la kwanza likafika mlangoni likakwama, mguu mmoja nje, mitatu ndani, na wavulana wa darasa la nane wakatoka kuchungulia. Selpher akasukuma kwa bega lake lote. Mlango ukalia.

"Loise," akasema, "usisimame hapo na miwani. Shika huo mguu wa nyuma."