Nje ya Uzio wa Minyaa

Baba yangu, Leodegar, alikuwa katekista wa Temeke kwa miaka saba kabla hajamwamini Mungu. Msicheke. Alitoka Bukoba kutafuta kazi, kusoma anajua, Padri akampa katekisimu, basi. Maswali yote aliyajua na majibu yake, hata ukimkurupusha usingizini. Lakini mwenyewe alituambia kwamba Baba Yetu aliisema kama karani anayesoma barua ya mtu mwingine. Alitamani kuamini, tena sana. Aliwaona wazee wakilia mbele ya msalaba akawaonea wivu. Na asiyeamini ndiye ashikaye sheria kwa mikono miwili.

Mwaka 1947 mama, Kokuberwa, alijifungua mtoto wao wa kwanza kabla ya miezi kutimia. Siku hiyo baba alikuwa Pugu kwenye mkutano wa makatekista. Aliyekuwa na mama ni jirani yetu Mwamvita, mkunga, Mwislamu wa swala tano. Mtoto alipotoka, Mwamvita alimkatia mama dafu anywe apate nguvu. Mtoto hakulia. Alikuwa anapumua kwa taabu, midomo inageuka rangi. Mama akakumbuka alivyofundishwa na mumewe, kwamba mtoto akiwa anakufa mtu yeyote aweza kumbatiza. Mtungi ulikuwa mkavu na kisima kiko mbali. Akalichukua dafu lile, akamimina maji yake juu ya kichwa kile kidogo, akasema maneno yote bila kukosea na kumwita Gaudensia. Haikupita dakika tano mtoto akakata roho.

Baba aliporudi jioni aliuliza swali moja tu.

"Ulitumia maji gani?"

"Ya dafu. Ndiyo yaliyokuwepo."

Kitabu kilitaka maji ya kisima, ya mto, ya mvua. Dafu halimo. Na asiyebatizwa hazikwi kwenye makaburi yaliyobarikiwa. Baba angeweza kunyamaza, nani angejua? Hakunyamaza. Alichimba kaburi mwenyewe, nje ya uzio wa minyaa uliozunguka makaburi hayo.

"Mwalimu," Mwamvita alimwambia, "mwanao wa kumzaa umemfanya mgeni?"

Baba akaendelea kuchimba.

Mama hakugomba. Mwamvita alimtaka akae ndani siku arobaini kama wazazi wote, naye akakaa, kaburi hajaliona, maziwa yanamtoka hayana wa kuyanyonya. Baba alisema afadhali angetukanwa.

Jumapili ya pili Padri alikuja, akasikia habari, akamshika bega. "Umefanya sawasawa, Leodegar."

Sifa hiyo ilimchoma. Misa ilipokwisha alikwenda makaburini, akayapita ya waliobarikiwa, akapiga magoti kwenye majani kule nje. Katekisimu yote ikamkimbia. Akasema kwa Kihaya, lugha ambayo hakuwahi kumsemesha Mungu kwayo hata siku moja: "Kama huyu umemwacha nje, na mimi niache nje. Sitaki kuingia." Akalia mpaka kanzu ikalowa.

Ndipo likamjia jambo alilolifundisha mara mia bila kulisikia: Yesu mwenyewe walimsulubisha nje ya lango la mji. Nje. Hapakuwa na sauti wala nuru. Tulipomtania kuhusu malaika alitukatalia kabisa. Alijua tu kwamba mwanawe hakuwa peke yake pale, na kwamba yeye, mtu mzima wa miaka thelathini na minne, alikuwa anazungumza na Mtu anayemsikia.

Alirudi nyumbani, akaketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Mama Gaudensia," alisema.

Hakuwahi kumwita hivyo. Hakuna aliyekuwa amemwita hivyo. Mama alimtazama, machozi yakaanza kumtiririka bila kelele.

"Nipeleke."

"Arobaini bado."

"Nipeleke kwa mwanangu, Leodegar."

Wakatoka mchana kweupe, amemshika mkono, polepole, maana mama alikuwa bado dhaifu. Mtaa mzima ulisema mzazi amevunja arobaini, na katekista anamshika mkewe mkono barabarani bila haya. Waliwaacha waseme.