Siku Nilipomwitikia Bakari

Mwanangu, acha kwanza hilo sanduku, ukae hapa. Nakumbuka adhuhuri moja ya Julai kule Dubai, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na sijawahi kuisimulia katika nyumba hii kwa sababu naona haya. Leo naisema kwa kuwa kesho unasafiri kwenda kufanya kazi na watu usiowajua.

Nilikuwa na miaka thelathini na moja, nimetoka Kakamega na kichwa kigumu, nikidhani dunia nimeshaimaliza. Yadi yetu ilikuwa Ras Al Khor, tukipakia injini za mitumba kutoka Japani kwenye makontena ya kwenda Mombasa na Dar. Mwenye yadi alikuwa mzee wa Kijapani, Tanabe, mtu mkimya mwenye sharti moja tu. Ukitoka langoni, au ukiingia ndani ya kontena, useme ittekimasu, yaani naenda na nitarudi. Ukirudi useme tadaima, ndiyo kusema nimefika sasa hivi, naye akujibu okaeri, karibu tena nyumbani. Kontena halikufungwa mpaka kila aliyeingia awe amesema tadaima. Sisi tulikuwa tukicheka pembeni, watu wazima na ndevu zetu tunaagana kama watoto wa chekechea.

Rafiki yangu mkubwa pale alikuwa Bakari, mtu wa Unguja. Mkewe huko nyumbani alikuwa amebakiza siku chache ajifungue mtoto wao wa kwanza, na kila adhuhuri Bakari alichomoka kwenye upenyo wa uzio wa nyuma kwenda kumpigia simu. Simu ilikuwa dukani kwa Madam Lin, mama wa Kichina aliyeuza taa za magari. Huyo hakumwacha mteja aondoke bila kumwambia man zou, nenda polepole. Siku hiyo, akiwa anaingia kontenani kufunga kamba injini za mwisho, Bakari alininong'oneza: "Mie nkimaliza natoka zangu kwa nyuma. Babu akiuliza, niitikie wewe."

Haikuwa mara ya kwanza. Mzee Tanabe alipouliza kama Bakari ameshatoka, nilijibanza nyuma ya rundo la magurudumu, nikaigiza ile sauti yake ya Kiunguja: tadaima. Mzee akajibu okaeri, kwa upole uleule wa siku zote. Milango ikafungwa, lakiri ikapigwa, na dereva wa lori akaenda kunywa chai kabla ya kuondoka.

Nikaenda kwa Madam Lin kununua maji na kumwambia Bakari asikawie. Hakuwepo. Nikamuuliza yule mama kama ameshaondoka, naye akanijibu kwa Kiarabu chake cha sokoni: "Leo sijamwambia man zou. Leo hajaja."

Nilijua papo hapo alipo. Jua la Julai kule, bati la kontena huwezi kuliwekea kiganja, na ndani yake alikuwamo mtu.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye aibu yangu. Sikukimbia. Nilisimama nje ya duka na chupa ya maji mkononi, nikiifikiria visa yangu. Nikisema, mzee atajua nimemdanganya, na kafeel, yule mdhamini wetu, atanifutia visa, nirudi Kakamega mikono mitupu. Nikajiambia labda Bakari amepita njia nyingine. Labda yuko chooni. Nikaenda chooni kumwangalia, nami najua kabisa hayuko. Nikauzunguka uzio wote. Niliporudi langoni lori lilikuwa limeshawashwa, na dereva anamhimiza mlinzi, yalla, yalla, afungue. Ndipo nikasimama mbele ya lile lori nikasema kwa sauti kwamba Bakari yumo ndani.

Mzee Tanabe alishika mkasi wa chuma mwenyewe akaikata lakiri. Tulimkuta Bakari mwisho kabisa, nyuma ya injini, kamba ingali mkononi, midomo imepasuka, hatambui mtu. Joto lilikuwa limemwangusha hata kabla ya milango kufungwa. Alikuwa akipumua, lakini kidogo sana.

Hakufa. Ila figo zake zilidhoofika, na kazi za kubeba hakuziweza tena. Binti yake alizaliwa yeye akiwa bado kitandani hospitalini, na alipopata nafuu akarudishwa Unguja. Hajanilaumu mpaka leo, na hilo linaniuma zaidi.

Jioni ya siku ile mzee aliniita ofisini. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu ya kuomba radhi kwa ule uongo. Hakutaka kuyasikia. Aliniuliza jambo moja tu, kwa Kiingereza chake cha taabu: "Tangu ulipojua mpaka uliponiambia, dakika ngapi?"

Nikasema sijui.

"Mwili wa Bakari unajua," akasema.

Hakunifukuza. Nilikaa pale miaka minne zaidi, na kila siku ya kazi nilipita mbele ya macho yake.

Basi nasaha yangu ni hii. Huko uendako usimwitikie mtu ambaye hukumwona kwa macho yako, hata akiwa rafiki wa kufa na kuzikana. Anayekuomba umfiche hajui kwamba anakuomba pia uwazuie wengine wasimtafute, na wewe ndiye unayepaswa kulijua hilo kwa niaba yake. Na siku utakapokosea, kwa sababu utakosea, sema dakika ileile. Usijitafutie shughuli ya kukuchelewesha. Unachokiogopa utakikuta tu mbele, lakini zile dakika analipa mtu mwingine.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe ulimi wa kusema kweli hata inapokuogopesha, na akuzungushie watu watakaokutafuta usipoonekana.