Usuli wa Tatizo

Jirani yangu wa meza alisomea sosholojia, akahitimu kwa mbwembwe, kisha soko la ajira likamshauri aje kutusaidia sisi waandishi wa programu za kompyuta. Bahati iliyoje! Anachapa kwa vidole viwili, vikidonoa kibodi kama kuku aliyemwagiwa mtama. Hawezi kuandika mistari minne ya programu bila kuanza na maelezo yanayojaza skrini nzima: usuli wa tatizo, malengo, mapungufu. Kompyuta, bila shaka, huyasoma kwa machozi. Programu ikigoma, sisi wengine tunatukana. Yeye huvuta kiti, huinamisha kichwa, na kuihoji kwa sauti ya mtu aliyepiga hodi kwenye nyumba asiyoijua: “Samahani kwa usumbufu. Hili lilianza lini?” Halafu hunyamaza, akisubiri jibu. Ofisi nzima huvunjika mbavu, na kinara wa kucheka ni mimi.

Juzi programu yangu ndiyo iliyogoma, tena mbele ya bosi. Bosi alipotoka nikapiga meza ngumi, nikamwonya jirani asithubutu kuniletea hodi zake. Akavuta kiti vilevile, akainamisha kichwa vilevile, ila safari hii hakuitazama skrini.

“Pole, kaka. Hili lilianza lini?”

Nikafungua mdomo nimpe vidonge vyake, yakatoka mengine: “Tangu mke wangu aondoke na watoto.”

Mjinga yule akanyamaza, akisubiri. Nikaendelea kusema mpaka mfagiaji akaja kutuomba tuinue miguu.