Santuri Tatu za Mjomba

Mwanangu, nakumbuka siku moja ya jua kali kule kijijini kwetu Mamba, jua tulilolingoja wiki nzima. Nilikuwa kidato cha tatu. Unyevu wa milimani ulikuwa umeotesha ukungu kwenye santuri kumi na moja za mjomba Elinami, aliyepiga tarumbeta katika bendi ya jazi Tanga kabla ya kurudi kulima. Nikataka kumfurahisha. Tangawizi iliyokatwakatwa huwa tunaianika juu ya bati. Nikazipanga santuri hapo hapo, nikaenda kuchota maji. Niliporudi zilikuwa zimejikunja kama majani makavu ya mgomba.

"Nani kaanika muziki wangu na tangawizi?"

"Mimi, mjomba. Zilikuwa na ukungu."

"Haya. Tuzitwange basi, tunywe na chai."

Wala hakucheka. Alikaa na moja mapajani, akiipapasa, mpaka jua likahama uani. Kisha akasema, "Hizi haziimbi tena. Utaimba wewe."

Kila nilipotoka shule alinifundisha santuri hizo, moja baada ya nyingine: nani alipuliza, wajukuu wa watumwa kule Amerika waliuzaaje muziki ule, ulitufikiaje sisi kwa mabaharia na bendi za mashamba ya mkonge. Nami nilirudia yote, hata sauti za vyombo, kwa mdomo. Nikikosea tunaanza upya.

"Tarumbeta inasubiri ngoma. Una haraka ya kwenda wapi?"

Sikujua wapi, ila haraka nilikuwa nayo. Nilipomaliza kidato cha nne tulikuwa tumefika ya nane. "Zimebaki tatu," alisema. Nikamwambia nitarudi Krismasi, nikapanda gari la kwenda mjini Same. Nikazunguka miaka. Niliporudi, nilirudi kumzika.

Sasa nimevuka arobaini na bado simalizi mwezi mahali pamoja. Leo niko kijiji cha Kifaru, kesho cha Bendera, nafundisha vijana historia ya jazi kwa spika ndogo na mdomo huu huu. Nafundisha zile nane. Wakiniuliza ya tisa, naanza upya na ya kwanza. Nimezitafuta zile tatu Tanga; hata nikizipata, sitajua alichotaka kuniambia.

Kwa hiyo, mwanangu, tembea utakavyo, lakini anayekufundisha mwache kwanza amalize. Gari la Same lipo hata kesho. Mungu akupe miguu ya kufika mbali, na masikio yasiyotangulia kuondoka.