Mtu wa Nyumbani

Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kwingine kote aliitwa Winchi, kama ile mashine ya kunyanyulia mizigo. Mchana alikaa nyuma ya mashine ya kutoa nakala katika duka la vifaa vya ofisi, akitoa kopi za vyeti vya watu, na wateja walimtazama mikono bila kumtazama uso. Jioni, kwenye ukumbi wa mazoezi, mambo yaligeuka. Akiinua chuma kutoka sakafuni, watu waliacha vyao wakamtazama yeye. Na katika jengo alilopanga, kila aliyenunua friji au kabati aliujua mlango wa kubisha. Ndiyo maana aliinua vyuma, tuseme ukweli: anayeishi peke yake hupenda kubishiwa hodi.

Siku ya kuumia, mwalimu wa mazoezi alimwonya, "Winchi, kilo zilizopo zinatosha." Lakini mmoja pembeni akasema, "Ongeza, kaka, tuone!" Sifa zikampanda kichwani, akaongeza. Chuma kilifika magotini, kiuno kikalia ka! naye akashuka nacho. Walimkalisha kwenye benchi, wakampa pole za kutosha, kisha mwingine akashika zamu.

Daktari alimbonyezabonyeza, akasema ni misuli, si mfupa. Asiinue kitu mpaka maumivu yaishe, asilale kutwa, atembee taratibu. Akampa dawa ya kuchua. "Asubuhi na jioni. Mwambie mtu wa nyumbani akupake."

"Sawa, daktari," alisema Winchi, kama mwenye nyumba iliyojaa watu.

Nyumbani alijaribu kila namna. Mkono wa kulia uliishia mbavuni, wa kushoto haukufika hata huko, na pale penyewe panapouma pakabaki pakavu. Aliyekuwa mkewe alikuwa mji mwingine, na mume mwingine. Mwishowe akautungua mwiko msumarini, akaupaka dawa, akajifikia nao. Kuomba msaada kwake kulikuwa mwiko, basi mwiko ukamsaidia. Alicheka peke yake, na kicheko kikamchoma kiuno. Tangu hapo kila alichopika kilinuka dawa.

Hodi zikakoma. Habari za mgongo wake zilishapanda ngazi zote, na nani amwite winchi aliyeharibika? Alikaa na redio, akiisikiliza miguu ya watu ikipita mlangoni pake bila kusimama. Upweke ulimuuma kuliko kiuno, ila huo hauna dawa ya kuchua.

Jumamosi mlango ukabishwa. Moyo wake uliinuka kabla ya mgongo. Alikuwa bibi wa ghorofa ya tatu, ambaye kila mtungi wake wa gesi ulipandishwa na Winchi.

"Bibi, mtungi leo siuwezi," Winchi akawahi kusema.

"Nani kataja mtungi? Nimesikia umeumia. Nani anakuchua?"

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi: hakuna. Lingetoka, bibi angeingia. Lakini aliyezoea kubebea wenzake mizigo huona aibu kuwa mzigo.

"Yupo, bibi. Yupo mtu wa nyumbani."

Uso wa bibi ukachanua. "Kumbe! Mjukuu wangu, unatuficha mchumba? Namshukuru Mungu. Mimi nilikuja kukuchua, nikasema mtoto wa watu yuko peke yake." Mikono ya gauni lake ilikuwa imekunjwa hadi juu ya viwiko. Akaishusha, mmoja kisha wa pili. "Basi nisiwaingilie. Msalimie."

"Zimefika, bibi."

Alizisikiliza ndara zake zikipanda ngazi, zikipumzika, zikipanda tena. Alitaka kumwita. Alishika kitasa, akafungua kinywa, na huko juu mlango ukafungwa.

Akarudi jikoni, akautungua mwiko.

"Umesalimiwa," akauambia.