Damu ya Jogoo wa Senge

Kazi yangu ni kusoma ukoo wa kuku. Sisemi kufuga, sisemi kutibu, nasema kusoma. Natoa damu kidogo chini ya bawa, na maabara inanisomea urithi uliomo ndani yake: mababu wa kuku huyu walitoka wapi, walichanganyika na nani njiani, na kwa nini yeye alipona ule ugonjwa uliomaliza kuku wa jirani. Nimeeleza hivyo mpaka nimechoka, na kwetu Bungoma bado naitwa daktari wa kuku. Daktari ambaye, wanasikitika, hajawahi kuponya hata kifaranga.

"Sasa ukishatoa hiyo damu, kuku anapona?" aliniuliza senge siku moja. Senge ni shangazi yangu, dada ya marehemu baba.

"Hakuwa mgonjwa, senge."

"Kumbe unadunga kuku mzima."

Watu hufikiri adui wa kazi hii ni ukosefu wa vifaa. Wapi! Adui ni ukarimu. Kwetu mgeni haondoki bila kula kuku, na mimi nikiingia kwa boma la watu na kisanduku changu cha barafu, basi mimi ni mgeni. Kuna wakati kule Kachibora nilimwona tetea mzuri ajabu, nikamwambia mwenyewe kwamba huyu ndiye nimempenda, nikaenda kwa gari kuchukua sindano. Kurudi, maji yalikuwa yanachemka. Ukimsifu kuku wa mtu mbele yake ni kama umeagiza. Nikala sampuli yangu kwa ugali na nikashukuru. Tangu hapo sisifu. Naingia nimenuna, na yule kuku bora wa boma namtazama kana kwamba amenikosea.

Jogoo ninayetaka kusimulia habari zake alikuwa wa senge mwenyewe, upande wa Mabanga. Shingo tupu, mwekundu, maringo tele. Majirani wote walipohamia kuku wa kisasa, senge alibaki na mbegu aliyoachiwa na nyanya yangu, na jogoo huyo ndiye alikuwa wa mwisho. Nilipopima damu yake mara ya kwanza sikuona hata alama ya kuku wa kisasa. Nilifunga mlango wa ofisi nikacheza peke yangu.

Halafu ofisini kwetu Kitale kukawa na sherehe ya kumuaga mhasibu. Mtu akachomoa friji ya sampuli ili achomeke spika, na friji ikakaa bila umeme wikendi nzima. Jumatatu damu ilinuka mpaka kwa geti. Ati aliyechomoa hajulikani. Mimi namjua, na simsalimu mpaka leo.

Profesa ninayeshirikiana naye, mzungu mmoja mpole sana, akaniandikia kwamba matokeo ya kipimo kimoja hayatoshi. Nisipopata damu nyingine ya jogoo yule, kuku wa kwetu wataondolewa kwenye utafiti. Niliumia. Ni kama alisema nyanya yangu aondolewe kwenye picha ya familia. Mwishoni akaongeza kwamba anakuja Kenya na angependa tuende naye kwa senge. Nikakubali, tena kwa furaha. Mtu wa kwetu akisoma hapa ameshajua nilipokosea.

Nikampigia senge simu. "Nakuja kwa ajili ya yule jogoo. Nataka damu yake tu. Tafadhali usinichinjie."

"Sitakuchinjia."

"Niapie."

"Haki ya Mungu sitakuchinjia. Wewe mtoto uko na kichwa ngumu."

Nikamwambia pia kwamba nitafuatana na profesa. Akauliza kama anakula ugali.

Tuliondoka asubuhi kutoka nyumbani kwangu Matisi. Nyuma ya gari kulikuwa na kisanduku kipya cha barafu nilichonunua kwa mzee wa Kisikh pale mjini, aliyeniuliza kama nimeanza kuuza samaki. Njiani nilimfundisha profesa adabu za mezani. Nikamweleza juu ya firigisi, kwamba ni ya mwenye boma, na mwenye boma akiwa hayupo inakuwa ya mgeni mwanamume aliye mkubwa pale mezani. Kwetu ilikuwa ya baba. Mama na sisi wasichana hatukuitazama hata ikiwa bado kwa sufuria. Nikamwambia kama siku moja atapewa, asikatae. Nilikuwa nazungumza tu ili barabara iishe.

Tukapokelewa, tukaombewa, tukaletewa chai. Huwezi kuingia kwa senge na kabla hujaketi vizuri ukauliza jogoo yuko wapi. Nikawa nakunywa huku nimetega sikio nisikie akiwika. Niliwasikia majogoo wa kijiji kizima. Halafu harufu ikaja. Kuku wa kienyeji akichemka ana harufu yake, na sidhani kuna mtu nchi hii ameinusa kwa huzuni mara nyingi kama mimi.

Nilimkuta senge jikoni, ameketi kwenye kigoda. "Senge, jogoo yuko wapi?"

Akatazama sufuria.

"Si uliapa!"

"Niliapa sitakuchinjia wewe. Huyu nimechinjia mgeni. Ama ulitaka mzungu wa watu atoke hapa aseme alipewa chai peke yake?"

"Na wale?" Uani kulikuwa na kuku wengine wa kutosha, wale weupe wa kisasa, wanene, wanatembea kwa shida.

"Hao ni wa kuuza. Mgeni huwezi kumpatia kuku haina kwao."

Kuku haina kwao. Mimi nilikuwa nimeandika kurasa na kurasa kueleza jambo hilo hilo. Nikakaa juu ya kuni nikalia, na sikulia kisomi. Jogoo wa nyanya alikuwa anaiva mbele yangu na kazi yangu yote ilikuwa imezama kwa mchuzi.

Senge aliniacha nilie mpaka nikapunguza. Kisha akanyoosha mkono nyuma ya mtungi wa maji, akatoa kikombe kilichofunikwa kwa kisahani. Kile cha maua, ambacho hutolewa pasta akija.

"Si ulisema ni damu? Nimekuwekea. Imeganda kidogo."

Kilikuwa kimejaa. Mimi, msomi, nilikuwa nimekuja kuomba matone. Nilikimbia nacho mpaka kwa kisanduku cha barafu nikiwa nimekishika kwa mikono miwili, na profesa alipochungulia ndani akasema kwa heshima kubwa kwamba hajawahi kuona sampuli kama hiyo.

Tukaketi kula. Profesa, mwanamume peke yake pale mezani, alikuwa amekumbuka mafundisho ya njiani. Alijiweka sawa, akasogeza sahani yake mbele kidogo, akangoja firigisi. Senge akaja na upawa, akampa paja kubwa na mchuzi wa kutosha. Akazunguka meza. Ile firigisi akaiweka kwenye sahani yangu.

Nikamtazama. "Senge, si ulisema umemchinjia mgeni?"

"Mgeni si nimempatia paja?"

Hakutaka kunitazama. Alijifanya anapangusa meza ambayo haikuwa na kitu, na mimi nikaona ule uongo wake wote wa simu na wa jikoni, nikashindwa kumkasirikia tena.

"Kula, daktari," akasema. Akaishia hapo, akarudi jikoni kuleta mboga.

Firigisi haikuwa na chumvi ya kutosha. Niliitafuna polepole mpaka ikaisha.